Dondoo Muhimu: Ndege ya Plastiki kwa Anayeanza

Anza na ndege ndogo ya kuunganisha ya kipimo cha 1:72. Spitfire ya kipimo hicho ina sentimita 16 hivi toka ncha ya bawa hadi ncha, inatosha kabisa meza ya chakula. Osha vipande kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana mafuta ya kiwandani huifanya rangi ibanduke. Usivinyofoe kwenye fremu yake kwa mkono: kata kwa koleo dogo mbali kidogo na kipande, punguza kinundu kwa wembe, malizia na msasa laini. Vipachike kwanza bila gundi uone vinavyokaa. Gundi ya plastiki huyeyusha kingo zikashikana. Tone moja la gundi nyepesi likigusa mwanya hujipenyeza lenyewe. Ikizidi, sura ya kipande imeharibika. Madirisha ya chumba yawe wazi ili mvuke wa gundi utoke.

Rangi na brashi nunua duka la jirani. Kumchosha muuzaji kwa maswali, kisha kuagiza mtandaoni, si haki. Yeye ndiye atakayekuonyesha kiyeyushi cha rangi za maji na cha rangi za mafuta, tena kabla hujalipa.