Mtoto Msumbufu Uwanjani: Tumsaidie Namna Gani?

Somo kwa wote wanaofundisha watoto michezo



Siku ya posho alasiri, katika parokia nyingi, watoto wa miaka 6 mpaka 10 wanakusanyika kucheza mpira wa miguu. Ni kazi njema, wala si mpya kwetu: hata ekipe ya Mazembe ya Lubumbashi ilianzishwa na mapadri Wabenedikto mwaka 1939. Lakini walimu wa mchezo wanaleta lalamiko moja: kuna mtoto anayesukuma wenzake, anayepiga mpira mbali, asiyesikia. Wanauliza, je, tumfukuze?

Tusiharakishe. Mtoto wa miaka 8 akifukuzwa uwanjani, hakai nyumbani akitafakari. Anakwenda sokoni ao barabarani, na kwa wenzetu wa Kolwezi, machimbo ya madini hayako mbali.

1. Tutazame kwanza namna tulivyopanga mchezo. Tuhesabu: watoto 20 katika mstari mmoja, mpira mmoja, kila mtoto anacheza sekunde 20. Mtoto atangoja zaidi ya dakika 6 ndipo aguse mpira tena. Mtoto mdogo hawezi kungoja hivyo. Atavuta shati la mwenzake, atarusha mchanga. Basi tuvunje ule mstari. Tufanye makundi matano ya watoto wanne wanne. Mipira ikikosekana, tufunge ya plastiki na matambara, kama watoto wenyewe wanavyojua. Maelezo yasipite dakika moja, na tuonyeshe kwa mguu kuliko kusema sana.

2. Kanuni ziwe chache. Tatu zinatosha: filimbi ikilia, kila mtu anasimama, hatupigi mtu, hatumcheki anayekosea. Watoto wazirudie kwa sauti kabla ya kuanza.

3. Tuwe na hakika kabla ya kuadhibu. Mwaka 1974, kwenye Kombe la Dunia kule Ujerumani ya Magharibi, nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaïre, ilicheza na Yugoslavia. Mwamuzi alipigwa teke, akamtoa Ndaye Mulamba. Baadaye ilielezwa kwamba aliyepiga ni mchezaji mwingine. Ikiwa mwamuzi wa Kombe la Dunia anaweza kukosea mtu, sisi wenye kuangalia watoto 20 peke yetu tutakosaje? Mtoto aliyeadhibiwa bure anaona kwamba kuwa mwema hakumletei faida, na kesho atafanya kosa la kweli.

4. Adhabu iwe fupi, nayo imrudishe mtoto. Tumwite kando, tuiname tulingane naye, tutaje tendo: "Umemsukuma mwenzako." Tusiseme, "Wewe ni mtoto mbaya." Akirudia, akae kando dakika 2 karibu nasi, kisha arudi kucheza bila kukumbushwa tena. Akimpiga mwenzake, atoke mara moja, na tumhudumie kwanza aliyeumia. Fimbo hapana, matusi hapana. Wala tusimzungushe uwanja mbio kama adhabu, kwa sababu kukimbia ndiyo kazi tunayotaka aipende. Tusome Waefeso 6:4, mahali wazazi wanapoonywa wasiwachokoze watoto wao. Onyo lile linatuhusu na sisi tunaoshika nafasi ya wazazi.

5. Tumwite pia akifanya vizuri. Mtoto msumbufu mara nyingi anasikia jina lake akikosea tu. Filimbi ikilia naye akasimama, tumsifu mbele ya wenzake. Tumpe na kazi: kubeba mipira, kupanga mawe ya goli. Mwenye kazi mikononi anasahau ugomvi.

6. Tuulize nyumbani. Usumbufu ukiendelea majuma matatu, tuwaone wazazi kwa faragha. Tusiende kushitaki, kwa maana mzazi aliyeaibishwa anaweza kumpiga mtoto usiku. Tuulize kwa upole: anakula kabla ya kuja? Analala vizuri? Anasikia sawasawa kwa masikio? Kuna msiba, ao jamaa imekimbia vita? Mara nyingine tunamwita mkaidi mtoto mwenye njaa.

7. Walimu wawe wawili. Mmoja aendeshe mchezo, mwingine akae na mtoto aliyekasirika, mahali ambapo wote wanawaona. Mwalimu akiwa peke yake anachoka, na akichoka hasira inamshinda.

Maswali ya kujibu pamoja

Katika uwanja wetu, mtoto anagusa mpira mara ngapi kwa dakika 10? Juma hili tuhesabu.

Ni mtoto gani ambaye tunamwita akikosea tu?

Ni nani alifukuzwa mwaka huu, na leo yuko wapi? Swali hili tusilijibu kwa mdomo peke yake. Tufike kwao, tuongee na wazazi wake, na siku ya posho tumwekee nafasi katika kundi la watoto wanne.