Ahmed Pasha: Jemadari wa Kifaransa aliyewafundisha Waturuki hesabu

Ndugu msomaji, wapo watu katika historia ya Waislamu ambao majina yao ni nadra kuyasikia madrasani au shuleni, ilhali maisha yao yana mazingatio makubwa. Mmoja wao ni Ahmed Pasha, ambaye kabla ya kusilimu aliitwa Claude Alexandre de Bonneval.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1675 katika ukoo wa makabaila. Aliingia jeshini angali kijana mdogo, akasifika kwa ushujaa, lakini ulimi ulimponza. Alimtolea waziri maneno makali, akakimbilia Austria. Huko akawa jemadari chini ya Prince Eugene. Mwaka 1716 alijeruhiwa akipigana na Waturuki huko Peterwardein, na mwaka 1717 alishiriki kuuteka mji wa Belgrade. Kisha akagombana na wakubwa zake tena, akafungwa na kuvuliwa vyeo.

Mwaka 1729 aliingia Bosnia, iliyokuwa chini ya Dola ya Uthmania, na huko akasilimu. Wapo wanaodai alisilimu ili asirudishwe kwa Waaustria. Mimi nasema, ya moyoni tumwachie Allah. Sisi tutazame kazi yake.

Waziri Mkuu Topal Osman Pasha alimwita Istanbul, akampa jukumu la kufufua kikosi cha warusha mabomu. Ahmed Pasha alijua kuwa bomu halifiki panapokusudiwa kwa ushujaa, bali kwa hesabu. Hivyo mwaka 1734 kikafunguliwa chuo Üsküdar, askari wakafundishwa hisabati na jometri. Mwaka 1739 Belgrade ikarudi kwa Waturuki. Sisemi ni kazi yake peke yake, lakini elimu ile ilihitajika.

Ahmed Pasha alifariki mwaka 1747. Chuo kile hakikudumu. Mwaka 1770 Warusi wakaziteketeza manowari za Uthmania pale Çeşme, na ndipo mwaka 1773 kikaanzishwa chuo cha uhandisi wa majini. Kilichoanzwa na kuachwa kikalazimika kuanzwa upya, baada ya hasara.

Nasi tujiulize. Tunapompata mwalimu hodari wa hisabati katika shule zetu, je, tunamwandalia vijana wa kurithi ujuzi wake? Au tunamsifu tu, na siku akiondoka tunafunga darasa? Mtu hufa. Elimu iliyopangiwa warithi hubaki.

Wallahu a'alam.