Viungo Visivyoonekana

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Zab. 104:10–24; Kut. 18:13–23, 1 Kor. 12:14–26, Gal. 6:2, Kol. 1:16, 17.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 12:26.

Panda kutoka Moshi mjini kuelekea Marangu au Machame, nawe utaingia katika vihamba. Juu kuna mringaringa na miti mingine ya kivuli. Chini yake migomba. Chini ya migomba, kahawa. Na chini kabisa magimbi na maharage. Mgomba humlisha ng'ombe aliye zizini, na samadi yake hurudi kwenye mgomba. Wazee wetu hawakujifunza ikolojia darasani, lakini walijua kwamba kihamba husimama kwa sababu kila kilichomo hukitegemea kingine.

Zaburi ya Kutegemeana

Soma Zaburi 104:10–24. Ni viumbe gani wanaotajwa pamoja, na kila mmoja anapata nini kwa mwenzake au mahali alipowekwa?

Mtunga zaburi hataji viumbe kama mtu anayehesabu mali ghalani. Chemchemi huwanywesha wanyama, miti huwapa ndege makao, na miamba huwahifadhi wibari, jamaa ya perere tunaowasikia usiku katika misitu ya Kilimanjaro. Mungu aliumba viumbe, tena aliumba na uhusiano kati yao.

Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika kwenye mibuni 180 ya Kilimanjaro. Mibuni mingine ilizuiliwa ndege na popo. Mingine ilizuiliwa nyuki na wadudu wengine wanaochavusha maua. Pale ndege na popo walipozuiliwa, matunda yaliyoshika yalipungua kwa karibu asilimia 9. Wachavushaji hawakuongeza idadi ya matunda, ila waliongeza uzito wake kwa wastani wa asilimia 7. Kazi ya mmoja haikuweza kuchukua nafasi ya kazi ya mwingine. Na popo hufanya yake usiku, mkulima akiwa amelala.

*Ni nani kanisani kwenu anayefanya kazi ambayo huonekana tu siku anapokosekana?*

Si Wingi Peke Yake

Je, basi, jamii yenye viumbe wengi ni imara siku zote? Mwaka 1972 mwanasayansi Robert May alionesha kwa hesabu kwamba mfumo mkubwa uliounganishwa ovyoovyo unaweza kuyumba kwa urahisi zaidi kadiri unavyokua. Tangu hapo wataalamu wamechunguza sana namna viumbe wanavyounganishwa. Katika mahusiano ya maua na wachavushaji, spishi nyingi zina marafiki wachache, na chache zina marafiki wengi. Ikipotea moja ya hizo chache, nyingi hutikisika. Lakini ua linalotembelewa na wadudu wa aina kadhaa halikosi mgeni kwa sababu mmoja hakuja.

Soma Kutoka 18:13–23. Yethro aliona hatari gani, na alishauri nini?

Watu walikuwa wengi, lakini nyuzi zote zilifungwa kwa Musa. Yethro hakushauri watu wapunguzwe. Alishauri mzigo ugawanywe. Kanisa ambalo mzee mmoja anahubiri, anatunza fedha, anafundisha na kutembelea wagonjwa linaweza kuonekana lina nguvu, hadi siku anapohamishwa kikazi.

Mti wa Jirani

Katika jaribio lile, huduma ya ndege na nyuki haikupungua kwa kiasi cha kuonekana hata kwenye mashamba ya kahawa yasiyo na kivuli. Je, tuseme miti haina kazi? Hapana. Ndege na nyuki huruka. Huenda wanaohudumia shamba lililo wazi wamelala kwa jirani. Mtu anaweza kukata miti yake na kuendelea kuvuna kwa sababu jirani hajakata yake. Lakini wote wakifanya hivyo, hapatabaki jirani wa kutegemewa. Vivyo hivyo tunaweza kuishi kwa muda mrefu kwa maombi na uaminifu wa wengine, tukidhani tunasimama wenyewe.

Tusiwe wepesi wa kumhukumu anayekata. Mara nyingi mringaringa huuzwa mbao mwezi wa Januari, ada ya mtoto ikidaiwa na kahawa ikiwa haijaleta kitu. Mti ule unaanguka kwa sababu uzi mwingine ulikatika kwanza: hakuna ndugu aliyejua. Wagalatia 6:2 inatuita tuufikie mzigo huo kabla ya shoka. Na Wakolosai 1:17 inatukumbusha kwamba ni katika Kristo vitu vyote hushikamana. Anayemtumaini Yeye hawezi kudharau kile anachokishika mkononi mwake.

Maswali ya Kujadili

1. Kulingana na 1 Wakorintho 12:22, kwa nini viungo vinavyoonekana dhaifu vinahitajika? Toa mfano wa kihamba na mfano wa kanisa.

2. Orodhesheni kazi za kanisa lenu. Ni zipi zinazomtegemea mtu mmoja tu? Ni nani ataanza kujifunza kazi hiyo kabla ya robo hii kwisha?

3. Mshiriki anataka kukata mti wa kivuli apate ada ya shule. Darasa lenu linaweza kufanya nini juma hili, mbali na kumwonya?