SOMO LA KILIMO: UGONJWA WA MAHINDI UNAOBAKI SHAMBANI

Mahindi yako yamestawi vizuri. Halafu majani ya katikati yanageuka manjano, yanakauka kuanzia pembeni. Hindi linatoka dogo, punje hakuna. Wengine husema ni jua. Wengine husema jirani kaniroga. Jirani hana kosa! Huenda ni ugonjwa wa virusi.

Ugonjwa huu ulionekana Bomet, Kenya, mwaka 2011. Mwaka 2012 ukaonekana hapa Tanzania, mikoa ya Mwanza na Arusha. Sisi wa Musoma, Butiama na Bunda tuko katikati ya Bomet na Mwanza.

Unatokea virusi vya aina mbili vikikutana katika mmea mmoja. Virusi havionekani kwa macho, wala havitembei. Lazima vibebwe. Aina moja hubebwa na vidukari. Nyingine hubebwa na mbawakawa wadogo na vithiripi, yaani wadudu wembamba kama kipande cha uzi. Kithiripi akiwa mtoto hunyonya jani, kisha hujiangusha chini. Hujificha kwenye udongo mpaka aote mabawa, ndipo atoke kutafuta mahindi tena. Huko Marekani hata mabuu wa mbawakawa, wanaokula mizizi chini ya ardhi, wameonekana kuambukiza. Tena virusi hubaki kwenye mabua ya zamani, na udongo wenye mabaki hayo unaweza kuambukiza mahindi mapya.

Na sisi je? Tunapanda mahindi masika, tunapanda mahindi vuli, shamba lile lile. Wadudu hawa hawaoni njaa hata siku moja.

Ukiona mmea mgonjwa, ng'oa na mizizi yake, uchome moto. Hakuna dawa ya kuuponya. Dawa ya dukani huua wadudu tu. Msimu unaofuata panda maharage, kunde, viazi vitamu au mihogo. Mtu atauliza, mtama na ulezi je? Hapana. Hizo ni jamii ya nyasi kama mahindi, na virusi huweza kuishi humo. Tunajua ni vigumu, maana watoto wanataka ugali. Lakini msimu mmoja bila mahindi ni afadhali kuliko kuvuna mabua matupu.

Mbegu usitoe shamba lenye ugonjwa. Jembe lioshe udongo kabla ya kuliazima kwa mwenzako. Mahindi yenye ukungu wasile watu wala mifugo. Na Bwana Shamba mwite aje mwenyewe shambani. Usimpelekee mmea mgonjwa, ukikatiza katika mahindi ya wenzako.