Sifuri Mbili Zisizofanana: Maswali Kuhusu Alama za Wafanyakazi

Barua kuhusu dodoso za wafanyakazi zimekuwa nyingi kuliko nafasi niliyo nayo. Zilizouliza wastani unatafutwaje nimeziweka kando, vitabu vipo. Nimechagua zile zilizonitia wasiwasi, kwa sababu hesabu hizi zinaamua nani apandishwe cheo na idara ipi ivunjwe.

Mwalimu, tumewauliza wafanyakazi wanahitaji nini na wanapata nini, tukatoa alama moja kwa nyingine, tukapata pengo. Mshauri mwelekezi anasema inatosha. Kwa nini tuhangaike na uchambuzi wa uso wa mwitikio?

Barua saba zimeuliza hili kwa maneno tofauti. Nazijibu zote hapa: haitoshi, na anayewaambia inatosha anawauzia hasara.

Niliwahi kuitwa nipitie dodoso za kiwanda kimoja cha nguo. Swali moja lilisema: unahitaji kushirikishwa kiasi gani katika maamuzi yanayogusa kazi yako, 1 hadi 5? La pili: unashirikishwa kiasi gani? Mshonaji mmoja alizungushia 1 kwenye swali la kwanza na 1 kwenye la pili, halafu pembeni akaandika kwa kalamu ya bluu, "Nimeshazoea." Msimamizi wa stoo alizungushia 5 na 5. Kwenye jedwali la ofisi wote wawili walisomeka 0, na visanduku vyao vikapakwa rangi ya kijani. Ripoti ikasema hawana tatizo. Lakini mmoja alikuwa anapata anachokitaka, na mwenzake alikuwa ameacha kutaka. Kutoa kumewafanya mtu mmoja.

Ubaya hauishii hapo. Ukitoa, umeshaamua bila kupima kwamba kupata alama moja zaidi kuna uzito uleule wa kutaka alama moja pungufu. Umeamua pia kwamba anayetaka 5 akapata 3 anaumia sawasawa na anayetaka 3 akapata 1. Nani kakuambia? Hilo ndilo swali la utafiti wenyewe, na wewe umelijibu kabla ya kuligusa.

Uchambuzi wa uso wa mwitikio unaziacha alama mbili zisimame kila moja mahali pake. Katika mlinganyo unaweka alama ya anachohitaji, alama ya anachopata, mraba wa kila moja, na zao la hizo mbili. Vizigeu vitano vinavyotoka vinachora uso. Fikiria turubai la harusini lililofungwa kwenye nguzo nne: sakafu ni zile alama mbili, na kimo cha turubai juu ya kila sehemu ya sakafu ni kiasi cha kuridhika na kazi. Unatembea juu yake kwa ulalo mara mbili. Ulalo wa kwanza unapita pale anachotaka na anachopata vinapolingana, kutoka 1 na 1 hadi 5 na 5. Wa pili, ulalo wa kutolingana, unaukata huo katikati, kutoka kona ya anayetaka 1 akapata 5 hadi kona ya anayetaka 5 akapata 1.

Nawapa mfano wa namba nilizozitunga ili hesabu ionekane. Kipimo ni 1 hadi 5, na kila alama nimeipunguza 3 ili sifuri ikae katikati. H ni anachohitaji, P ni anachopata:

Kuridhika = 3.6 + 0.10H + 0.40P − 0.10H² + 0.25HP − 0.15P²

Chukua kalamu ufanye mwenyewe. Mwenye 5 na 5, yaani H = 2 na P = 2, anafika 4.6. Mwenye 1 na 1 anafika 2.6. Anayetaka 5 akapata 1 yuko 1.0. Anayetaka 1 akapata 5 yuko 2.2. Wawili wa kwanza ni sifuri mbili, na kati yake alama 2 nzima za kuridhika. Pengo lisingekuonyesha hilo hata ungelipaka rangi ngapi.

Tena pengo lenyewe ni kipimo dhaifu. Tuseme vipimo viwili vina mtawanyiko sawa, kila kimoja kinaaminika kwa 0.8, na vina uhusiano wa 0.6, jambo la kawaida mtu yuleyule anapojaza vyote viwili. Tofauti yao inaaminika kwa 0.5 tu. Nusu ya mtawanyiko mnaoujengea sera ni makosa ya upimaji.

Wala hili si jipya. Cronbach na Furby walionya juu ya alama za tofauti mwaka 1970. Mbinu ya uso wa mwitikio ilitoka kwa Box na Wilson mwaka 1951, wakitafuta hali bora za uzalishaji wa kemikali, na mwaka 1993 Edwards na Parry wakaileta kwenye utafiti wa mashirika badala ya kutoa. Mshauri anayeuza "kielezo cha pengo" leo amekuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kusoma.

Mpindo kwenye ulalo wa kutolingana umetoka hasi, na programu imeuwekea nyota ya umuhimu wa kitakwimu. Je, tumethibitisha kwamba kulingana ndiko kunakoleta kuridhika?

Bado. Mpindo hasi unasema tu kwamba ukitembea kwenye ulalo huo unapanda kisha unashuka. Hausemi kilele kiko wapi. Angalia pia mteremko katikati ya ulalo huohuo, yaani kizigeu cha H ukitoa cha P. Katika mfano wangu mpindo ni −0.50 na mteremko ni −0.30, kwa hiyo kilele kiko pale anayetaka 2.7 anapopata 3.3. Kilele kimehama kuelekea kupata zaidi ya unavyotaka. Ili useme kulingana ndiko bora, mgongo wa uso wote, yaani mstari wa vilele vyake, lazima ulale juu ya mstari wa kulingana. Nyota moja haitoshi kusema hivyo. Na hata mgongo ukilala hapo, dodoso iliyojazwa siku moja na mtu mmoja haijaonyesha nini kimesababisha nini.

Wasimamizi walijipima 1 hadi 10, wafanyakazi wakawapima 1 hadi 5. Tumegeuza kila safu kwa mkengeuko sanifu wake ili zifanane. Ni sawa?

Hapana. Rudini mkaulize upya kwa kipimo kimoja.

Tuna wasimamizi 14 na wafanyakazi 160 wanaowapima. Sampuli ya 160 inatosha?

Huna 160. Alama ya msimamizi kujipima umeinakili mara kumi na zaidi, safu baada ya safu, kana kwamba kila nakala ni mtu mpya. Wanaokaa chini ya bosi mmoja wanaona mambo yaleyale na majibu yao yanavutana. Kwa swali lenu mna watu 14, na uso wenye vizigeu vitano juu ya watu 14 ni mchoro tu. Hata pale kila mtu anapojipima mwenyewe kwa pande zote mbili, mimi siuanzi uchambuzi huu nikiwa na watu chini ya 200, kwa sababu miraba na mazao yanahitaji data nyingi kabla hayajatulia. Kwa 14, kaa na kila msimamizi, msome pamoja alichojiandikia na wastani wa walichomwandikia watu wake.

Tulionyeshwa kwenye projekta grafu ya rangi, tukaambiwa kuwapa watu zaidi ya wanachotaka kunawashusha ari. Mkurugenzi ameshaanza kupunguza mafunzo. Tumwambie nini?

Barua hii imeniumiza. Mwambieni asimame, kisha muombe grafu ileile ikiwa na nukta za watu juu yake.

Programu huchora uso hadi kwenye kona zote nne, iwe kuna watu au hakuna. Ukiwauliza watu wanataka mafunzo kiasi gani, karibu wote watajaza 4 na 5. Kona ya anayetaka 1 akapata 5 inabaki tupu, na kimo cha uso pale ni mlinganyo unaendelea peke yake baada ya data kuisha. Hata ile 2.2 ya mfano wangu msingeiamini kabla ya kuona nani amesimama pale. Watu wanakatiwa mafunzo kwa sababu ya kona isiyo na mtu.

Kabla ya kuchora, hesabu ni wangapi alama zao mbili zimepishana kwa zaidi ya nusu ya mkengeuko sanifu, juu na chini. Upande mmoja ukiwa na watu watatu, huna la kusema kuhusu upande huo.

Tutumie programu gani?

R, kifurushi cha RSA cha Felix Schönbrodt. Ni bure. Msitoe wastani wa kila safu, toeni 3, katikati ya kipimo. Mkitoa wastani mbili tofauti, mstari wa kulingana unahama.

Mimi ni afisa utumishi. Mkurugenzi anataka majina ya walio kwenye kona ya 5 na 1, aongee nao. Dodoso ilisema majibu ni siri.

Usimpe, dada yangu.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zote zinataka taarifa zitumike kwa kusudi lililosemwa zilipokusanywa. Uchambuzi huu unahitaji kuunganisha majibu mawili ya mtu mmoja, ndiyo, lakini namba ya siri inatosha, na orodha ya namba na majina ikae kwa mtu aliye nje ya uongozi. Kama unayo wewe, ikabidhi wiki hii. Mpe mkurugenzi uso wa kampuni nzima, na usimchoree idara yenye watu tisa, maana wanatambulika hata bila majina. Akitaka kuongea na watu, aitishe mkutano wa zamu nzima, awaulize wote.