Chungwa Limetoka Wapi? Ushahidi wa Maji na Madini

Machungwa mekundu ya kisiwa cha Sicily, nchini Italia, yanalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya: tunda lililokuzwa kwingineko haliruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo. Kwa kuwa lebo yaweza kughushiwa, maabara hulichunguza tunda lenyewe.

Kwanza hupimwa maji yake. Oksijeni ina atomu nyepesi, yenye uzito wa 16, na nzito, yenye uzito wa 18. Mvua inyeshayo mbali na bahari au juu milimani huwa na atomu nzito chache zaidi, na mti unyonyao maji hayo huipitisha alama hiyo hadi kwenye tunda. Pili hupimwa strontiamu, madini yatokayo katika miamba. Uwiano wa strontiamu 87 kwa 86 hutegemea aina na umri wa miamba, nao hufika kwenye tunda bila kubadilika sana. Matokeo hulinganishwa na ya matunda ambayo mashamba yake yanajulikana. Pasipo ulinganisho huo, vipimo havitoi jibu.

Shehena ikikutwa na mabaki ya viuatilifu kupita kiwango, kujua chanzo chake husaidia kuzuia madhara yasienee. Hata hivyo, asili si dhamana ya usalama. Balungi, tunda la jamii ya machungwa, liwe limetoka nchi yoyote, laweza kuongeza kiwango cha simvastatini au felodipini katika damu. Mgonjwa anayetumia dawa hizo amweleze mhudumu wake kama hula balungi, kabla ya kuuliza lilikotoka.