Deni la Kikoba na Upendo wa Kikristo

Je, Mkristo aliyedhulumiwa na mwenzake wa jumuiya anaweza kudai haki yake na bado akahesabiwa kuwa ana upendo? Swali hilo limeletwa na mama mmoja wa Morogoro, ambaye miaka miwili iliyopita alimdhamini jirani yake katika kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana ambamo mwanachama huchukua mkopo kwa dhamana ya wenzake. Jirani alipoacha kurejesha, shilingi 600,000 zilikatwa katika hisa za mdhamini. Tangu hapo wawili hao wameendelea kusali pamoja kila Jumamosi asubuhi, na wakati wa kutakiana amani mama huyo, kwa maelezo yake mwenyewe, hutoa mkono huku macho yakitazama mkeka. Sasa mtoto wa mdaiwa amelazwa hospitalini, na wazee wa jumuiya wamemtaka mama huyo aende kumjulia hali na asitaje tena habari za deni, kwa kuwa Mkristo husamehe. Anauliza kama ubaridi alionao moyoni ni dalili kwamba imani yake imekufa.

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, lugha iliyokuwa na maneno kadhaa kwa jambo ambalo Kiswahili hulikusanya katika kitenzi kimoja cha kupenda. Filia ni mapenzi ya marafiki, ambayo huota yenyewe pale watu wanapopatana. Agape, neno ambalo Paulo alilitumia alipowaandikia Wakorintho katika miaka ya 50 baada ya Kristo, ni upendo wa nia, yaani uamuzi wa kumtendea mtu mema hata kama moyo haujamwelekea. Katika sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza, sifa za upendo zilizotajwa hapo ni vitenzi katika Kigiriki, na hakuna hata kimoja kinachodai kwamba moyo uchangamke kwanza. Ubaridi wa mama huyo, kwa hiyo, ni jeraha ambalo halijatibiwa, na ni kosa kumwongezea juu yake hofu ya kwamba amemkana Mungu.

Hata hivyo sura hiyohiyo inasema kwamba upendo hauhesabu mabaya, na kitenzi kilichotumika hapo kilikuwa cha wenye kutunza hesabu, cha kuandika kitu katika daftari kwa jina la mtu. Je, daftari la kikoba nalo lichanwe? Hapa yapo madeni mawili ambayo wazee wameyachanganya. La kwanza ni uchungu, yaani ile haki ya kulipiza kisasi ambayo aliyekosewa hujiona anayo, na hilo Mkristo ameagizwa alifute. La pili ni fedha, ambazo huenda zilikuwa karo ya watoto, na mwenye mamlaka ya kuzisamehe ni yule aliyekatwa. Mzee wa jumuiya hana cha kusamehe katika shilingi ambazo hazikutoka mfukoni mwake.

Tena Maandiko hayajaufanya upendo kuwa ukimya. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, amri ya kumpenda jirani imetanguliwa, katika aya iliyo juu yake tu, na amri ya kumkemea waziwazi badala ya kumchukia moyoni. Afrika Mashariki imewahi kuliona jambo hili kwa macho. Mnamo Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda, Festo Kivengere akiwa mmoja wao, walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia maovu ya utawala wake. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na Kivengere akavuka milima kwa miguu kukimbilia Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Amin, na bado aliendelea kuusema uovu wake ugenini. Kivengere alimsamehe Amin bila kuacha kumkemea.

Jambo la mama huyu linadai mpangilio. Mtoto ndiye wa kwanza, naye hadaiwi kitu: inafaa mama aende wodini saa ya kuona wagonjwa na chupa ya uji wa ulezi, akae kidogo, aulize dawa zinapatikana vipi, na siku hiyo deni lisiguswe hata kwa fumbo. Mtoto akisharuhusiwa, amwendee jirani peke yake, kama inavyoelekezwa katika Mathayo 18, amtajie kiasi na jinsi alivyoumia, kisha wapatane, pengine kwa shilingi 50,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Akikataliwa, arudi na mtu mmoja au wawili, na hapo ndipo wazee watakapokuwa na kazi ya kufanya. Na kama baada ya kusikilizwa ataamua kwa hiari yake kufuta deni lote au nusu yake, alitamke hilo mbele ya jirani na mbele ya kikundi, ili jirani asiendelee kuvuka barabara kila anapomwona kwa mbali.